Kuhamia nyumba mpya Nairobi: mwongozo kamili wa kupata intaneti ya nyumbani bila kulipa mara mbili

Kila mwisho wa mwezi swali hurudi lile lile, mara kutoka Ruaka, mara Roysambu, mara Syokimau: "Nimelipa depoziti, nimeshahamia, sasa naambiwa faiba haijaingia kwenye jengo letu. Nifanyeje?" Ukishafika hapo, njia zilizobaki ni chache na nyingi zitakugharimu kuliko ulivyopanga. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza nyumba ikiwa bado haijalipiwa na kanta haijaitwa.

Shika hili kabla ya yote: katika nyumba za kupanga za Nairobi, jengo ndilo linaloamua ni kampuni gani zitakuhudumia. Wewe unachagua katika kilichobaki. Wengi huanza na bei ya kifurushi, wakamalizia na jengo. Pinduzeni huo mpangilio.

## Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe.
- Namba ya akaunti ya intaneti unayotumia sasa, pamoja na picha ya kibandiko kilicho chini ya rauta.
- Simu yenye laini za kampuni mbili tofauti. Kama huna ya pili, azima.
- Futi ya kupimia na ekstensheni ya stima.
- Waya wa Ethaneti wa Cat6, hata wa mita 2, na kompyuta yenye tundu lake. Usipokuwa nao, siku ya fundi hutajua kama tatizo liko kwenye faiba au kwenye Wi-Fi.
- UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya kuiwasha stima ikipotea. Usiinunue bado; soma hatua ya 7 kwanza.

Anza wiki 2 au 3 kabla ya siku ya kuhama. Mafundi hupangiwa kazi kwa foleni, na mwisho wa mwezi kila mtu anahama.

## Hatua ya 1: Jua kasi unayohitaji

Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), ilhali faili zako hupimwa kwa megabaiti. Gawanya kwa 8. Kifurushi cha 15 Mbps hupakua chini kidogo ya megabaiti 2 kwa sekunde, kwa hivyo filamu ya gigabaiti 2 itachukua kama dakika 18.

Netflix yenyewe inapendekeza 5 Mbps kwa picha ya HD na 15 kwa 4K. Mkutano wa Zoom wenye picha safi unataka kama 4, na hapa watu hujikwaa, kwa sababu hizo 4 zinahitajika kwenda na kurudi. Ukifanya kazi ukiwa nyumbani, uliza kasi ya kupakia pia. Usipouliza, hakuna atakayekutajia.

Kwa kaya ya watu 3 au 4, televisheni moja na mmoja anayefanya kazi mtandaoni, 15 hadi 30 Mbps inatosha kabisa. Wanaolipia 80 kwa ajili ya WhatsApp na YouTube wanatupa pesa.

Angalia pia kama kifurushi chako cha zamani bado ndicho kinachokufaa. Septemba 2024, Safaricom ilipandisha kasi ya vifurushi vyake vya faiba: cha KSh 2,999 kikatoka 10 hadi 15 Mbps, na cha Gold kikatoka 40 hadi 80. Aliyekuwa analipia Gold kwa sababu 20 Mbps za kifurushi cha chini yake hazikumtosha, sasa huenda kifurushi cha katikati kikamfaa. Kuhama ni wakati mzuri wa kushuka ngazi moja.

## Hatua ya 2: Kagua jengo kabla ya kutoa depoziti

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Usimuulize ajenti, muulize keateka. Ajenti atasema "Wi-Fi iko" hata kama hajui Wi-Fi ni nini. Keateka ndiye anayewafungulia mafundi geti, na anajua nani huja, nani hufukuzwa, na waya wa nani hukatika mvua ikinyesha. Mwombe akuonyeshe boksi la faiba. Mara nyingi liko chini ya ngazi, kwenye maegesho, au kwenye ukuta karibu na mita za stima.

Soma boksi. Jina la kampuni huandikwa juu yake. Waya ulioishia kwenye nguzo nje ya geti hauna faida kwako. Unataka boksi lililo ndani ya jengo. Hili ndilo linalowanasa wengi, kwa sababu ramani ya kampuni huonyesha mtaa mzima umefikiwa, na ni kweli nguzo zina waya. Kuutoa kwenye nguzo hadi ghorofa ya 4 ni shughuli nyingine, na inahitaji idhini ya mwenye nyumba.

Uliza kama kuna nafasi. Faiba moja hugawanywa kwa kigawanyio chenye matundu 8, 16 au zaidi. Yakijaa, mteja mpya husubiri hadi kampuni iongeze kingine. Ukipiga simu kwa kampuni, usiseme "mko Kasarani?" Taja jina la jengo, ghorofa na namba ya mlango, kisha uulize: "Kuna tundu lililo wazi kwenye boksi la jengo hili leo?" Omba jibu kwa ujumbe wa maandishi.

Muulize mwenye nyumba kuhusu mkataba. Majengo mengine yana makubaliano na kampuni moja, na nyingine haziruhusiwi hata kuingia. Wakati mwingine intaneti hiyo imejumlishwa kwenye kodi. Haina ubaya, ila uliza wapangaji wangapi wanagawana laini moja, na kama unaweza kuleta yako ukipenda. Uliza pia kama unaruhusiwa kutoboa ukuta, na nani atalipia kuziba tundu ukihama.

Zungumza na jirani. Maswali 3 yanatosha: Unatumia gani? Saa 2 hadi saa 4 usiku inakuwaje? Ilipokatika mara ya mwisho, ilirudi baada ya muda gani? Jibu la swali la tatu lina thamani kuliko kasi yoyote iliyoandikwa kwenye tangazo.

Ingia ndani ya nyumba. Karibu na sehemu ya televisheni tafuta kisoketi kidogo cha plastiki chenye waya mwembamba, alama kwamba mpangaji aliyepita alikuwa na faiba. Pima kwa futi umbali kutoka hapo hadi soketi ya stima iliyo karibu. Kisha washa data ya simu, pima kasi ukiwa sebuleni na kwenye chumba cha kulala, kwa laini zote mbili. Namba hizo utazihitaji hatua ya 3, endapo faiba itashindikana.

Umefaulu hatua hii ukiondoka na jina la angalau kampuni moja yenye tundu wazi, idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, na vipimo vya simu. Ukikosa la kwanza na simu ikasoma chini ya 5 Mbps vyumba vyote, na kazi yako inategemea mtandao, tafuta nyumba nyingine. Ni afadhali kutembea Jumamosi nyingine kuliko kuishi mwaka mzima ukiazima Wi-Fi mkahawani.

## Hatua ya 3: Chagua njia, kisha kampuni

Nitazipanga kwa mpangilio ambao mimi ningezijaribu.

Faiba hadi mlangoni. Safaricom, Zuku, Faiba ya Jamii Telecommunications na nyinginezo. Kama ipo, ichukue. Kati ya mbili zilizo kwenye jengo lako, chagua ile ambayo jirani kasema hurudi haraka, hata ikiwa ghali kwa mia kadhaa.

Faiba hadi chini, waya wa kawaida hadi juu. Kampuni huleta faiba kwenye chumba cha chini, kisha Cat6 hupanda kila nyumba. Kasi yaweza kuwa nzuri sana, ila kuna kasoro ya stima nitakayoieleza hatua ya 7.

Intaneti ya redio. Mlingoti juu ya paa hupokea mawimbi kutoka mnara wa karibu. Kampuni ya Poa imejijenga kwenye mitaa kama Kibera na Kawangware kwa bei ambayo faiba kubwa haziifikii. Ukiwa mbali na jiji, kampuni ya Mawingu, iliyoanzia upande wa Nanyuki, ni ya kuulizia.

Rauta ya 5G au 4G. Unachomeka, unatumia, huhitaji idhini ya mtu. Hapa ndipo vipimo vyako vya simu vinapotumika: laini iliyoshinda ndiyo utakayonunua rauta yake. Soma masharti mawili kabla ya kulipa. La kwanza ni kikomo cha matumizi, yaani baada ya gigabaiti ngapi kasi hupunguzwa. La pili ni kama rauta imefungiwa eneo moja, kwa sababu kuna ambazo hugoma ukizihamisha mtaa.

Setilaiti. Starlink ilianza kuuza Kenya Julai 2023. Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa, na ikafungua tena katikati ya 2025. Kwa hivyo weka anwani ya nyumba mpya kwenye tovuti yao kabla ya kununua vifaa, wala usitegemee kwamba rafiki yako wa Kitengela anayo. Dishi linataka anga wazi bila mti wala ghorofa ya jirani, na kwenye nyumba za kupanga hiyo ina maana ya paa na ruhusa.

Kuna pia vijana wa mtaa wanaovuta laini moja na kuwagawia majirani kwa bei ya chini. Wengine ni wachapakazi na wana leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Waulize leseni hiyo. Asiye nayo anaweza kukatiwa wakati wowote, na wewe hutakuwa na pa kulalamika.

## Hatua ya 4: Hamisha akaunti, au funga na uanze upya

Ukiwa tayari na intaneti, piga simu kwa kampuni uliyonayo na uulize kwa mpangilio huu: Mnafika jengo hili? Kuhamisha ni bei gani? Rauta naibeba au naiacha? Siku nilizolipia zitasimamishwa hadi niunganishwe upya?

Swali la mwisho linaokoa pesa. Vifurushi vingi hulipiwa kabla, siku 30. Ukilipa tarehe 28 na ukahama tarehe 30, siku zinaendelea kuhesabiwa hata kama rauta iko ndani ya katoni. Kama hawasimamishi, acha kifurushi kiishe na utumie bando la simu siku 2 au 3 za kati.

Linganisha pia gharama ya kuhamisha na ofa ya mteja mpya kwa kampuni nyingine. Mara nyingi kampuni humbembeleza mgeni kwa kumuunganishia bure, huku mteja wa miaka akitozwa. Usione haya kuondoka.

Ukiondoka kabisa, rudisha rauta kama ni mali ya kampuni na udai risiti yenye namba ya kifaa. Ndiyo sababu ya ile picha ya kibandiko. Waya wa faiba ulio ukutani usiung'oe. Mwachie mpangaji ajaye.

Onyo kuhusu malipo. Lipa kwa namba rasmi ya kampuni ya M-Pesa, ukiweka namba ya akaunti yako. Fundi akikwambia "nitumie mimi nitakuwekea," kataa kwa heshima. Pesa ikienda kwenye simu yake, kwa kampuni hujalipa.

## Hatua ya 5: Siku ya fundi

Uwepo mwenyewe. Ukimwachia keateka, rauta itawekwa mahali panapomrahisishia fundi, nyuma ya mlango wa jikoni.

Mwambie unataka kifaa katikati ya nyumba kadiri inavyowezekana, juu kimo cha kifua, mbali na friji na maikrowevu. Akisema waya hautoshi, mwonyeshe vipimo vyako vya futi. Kuongeza mita 5 leo ni kazi ndogo. Kumrudisha wiki ijayo ni kazi kubwa.

Waya wa faiba ndani yake ni uzi wa kioo. Ukikunjwa kwenye kona kali au kubanwa na mlango, mwanga huvuja na kasi huanguka. Pinde zote ziwe za mviringo. Na usichungulie ncha ya faiba iliyo wazi: mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza.

Kabla hajafunga mkoba, fanya mambo haya kwa mfuatano:

1. Mwombe akuonyeshe kipimo cha mwanga. Kwa faiba ya kawaida ya nyumbani, kati ya -15 na -25 dBm ni salama. Namba hizi zina alama ya kutoa, kwa hivyo -18 ni bora kuliko -26. Ikifika -27, uko ukingoni: leo itafanya kazi, siku moja waya ukiguswa kidogo itazima. Mwambie asafishe kiungio au aunge upya.
2. Tazama taa. Ile ya PON inapaswa kuwaka kijani na kutulia. LOS inapaswa kuwa imezima. LOS ikimeta nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna kuzima na kuwasha kutakakosaidia.
3. Chomeka kompyuta kwa waya wa Cat6, pima kasi mara kadhaa. Ikikaribia uliyolipia, kazi ya fundi imekwisha. Ikiwa ndogo, haijakwisha, hata akisema "itapanda baadaye."
4. Piga picha namba hizo zote, pamoja na namba ya kazi aliyopewa na ofisi.

## Hatua ya 6: Panga Wi-Fi

Badilisha nenosiri la Wi-Fi, na lile la kuingilia kwenye mipangilio ya rauta, siku hiyo hiyo. La kiwandani limeandikwa kwenye kibandiko na kila aliyeingia sebuleni ameliona.

Rauta nyingi hutoa mawimbi mawili. 2.4 GHz hufika mbali lakini huwa na msongamano, hasa kwenye ghorofa zenye nyumba 40 zote zikipiga kelele pamoja. 5 GHz ina kasi ila kuta huimaliza. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe, na kuta mbili za mawe zinatosha kuifanya 5 GHz ikose maana. Televisheni na kompyuta zilizo karibu ziweke kwenye 5, simu za chumbani kwenye 2.4.

Kwenye 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11 pekee. Nyingine huingiliana. Programu za simu za kuchunguza Wi-Fi zitakuonyesha ni ipi majirani hawajaijaza.

Chumba cha mwisho kikikosa mtandao, usikimbilie kununua kile kikuza mawimbi cha bei rahisi cha kuchomeka ukutani, kwa kuwa vingi hupunguza kasi kwa nusu. Pitisha waya wa Cat6 kando ya ukuta hadi chumbani na uweke rauta ya pili huko.

## Hatua ya 7: Stima ikipotea

Kwanza ujue intaneti yako inategemea stima ya nani. Kwa faiba inayofika hadi mlangoni, kigawanyio cha jengo hakitumii stima hata kidogo. Ukiwasha rauta yako kwa UPS ndogo, utaendelea kupata mtandao gizani alimradi kampuni ina akiba ya umeme upande wake. Lakini kama jengo lako lina ile Cat6 kutoka chini, kule chini kuna swichi inayohitaji stima. Hiyo ikizima, UPS yako ya sebuleni ni pambo. Muulize keateka kama swichi imeunganishwa kwenye jenereta au ina betri yake.

Kabla ya kununua, soma adapta ya rauta. Nyingi ni volti 12, ampea 1 hadi 2. Volti za UPS lazima zilingane na hizo. Ukiweka zilizozidi unaweza kuiunguza. Ampea za UPS ziwe sawa au zaidi.

Ile mAh 10,000 iliyoandikwa kwenye boksi huhesabiwa kwa volti 3.7, kwa hivyo ni kama saa-wati 37. Rauta inayokula wati 10 itakaa takriban saa 3, si 10 kama muuzaji wa barabara ya Luthuli atakavyokuapia. Na dishi la kawaida la Starlink hula wati 75 hadi 100; UPS hizi ndogo haziliwezi.

## Hatua ya 8: Pima wiki ya kwanza, kisha lalamika ukiwa na ushahidi

Kwa siku 7, pima kasi mara mbili kwa siku, asubuhi na saa 3 usiku, kwa waya. Hifadhi picha. Kushuka kidogo usiku ni kawaida. Kushuka hadi nusu kila usiku maana yake laini ya mtaa imejazwa kupita kiasi, na kifurushi kikubwa zaidi hakitaponya hilo, hata huduma kwa wateja wakikubembeleza ukinunue.

Mtandao ukikatika, muulize jirani kwanza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikayumba. Kurudisha rauta mipangilio ya kiwandani siku kama hiyo kunakupotezea mipangilio yako tu.

Tatizo likiwa lako peke yako, ripoti kwa kampuni na udai namba ya malalamiko. Simu bila namba haihesabiki. Wasipolitatua, peleka kwa CA, ambayo hupokea malalamiko ya mteja aliyekwisha kuanzia kwa kampuni. Ambatisha namba ya malalamiko, risiti ya M-Pesa, picha za vipimo vya siku 7, na ile picha ya dBm uliyopiga siku ya fundi.